Wiki ya Bi Mwanakombo

Bwana Murithi, tajiri wa bara, alijenga nyumba ya likizo ufukweni Malindi, akawa anaiuza wiki moja moja. Ukishanunua wiki yako, kila mwaka unakuja kupumzika siku saba, maisha yako yote.

Bi Mwanakombo, muuza bajia, alitaka wiki ya Krismasi.

“Hiyo huiwezi, mama,” Bwana Murithi alimcheka. “Kwa pesa zako nina wiki za Aprili tu, mvua ikimwagika. Na uamue leo, kesho bei inapanda.”

Bi Mwanakombo akahesabu taratibu vidole vyote kumi, akaguna.

“Haya, mwanangu, nipe hiyo ya mvua. Ila mie tarehe zenu hunichanganya. Niandikie kwa miezi yetu ya Kiislamu: wiki ya mwisho ya Mfungo Mosi.”

Bwana Murithi akatazama kalenda ya msikiti iliyokuwa ukutani. Kweli, wiki hiyo ilikuwa katikati ya Aprili. Akaandika, akagonga muhuri, akarudi zake Nairobi akitabasamu.

Mwaka wa kwanza Bi Mwanakombo alikuja na mwavuli. Mwaka wa tano alikuja na miwani ya jua.

Mwaka wa kumi, siku ya Krismasi, Bwana Murithi alifika na wakwe zake, akamkuta barazani akikaanga bajia.

“Mama! Wewe si wa mvua?”

“Mwezi wetu hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, mwanangu,” alisema, akimwonyesha karatasi yenye muhuri. “Mvua tumeiacha kule kule Aprili. Wape wakwe bajia, kisha ukawatafutie hoteli.”