Sultani Aliyekataza Kukosolewa

Palikuwa na sultani aliyetaka kujua Kipare kwa siku arobaini, na asikosolewe hata siku moja. Huyo ndiye Sultani Mbaruku wa Tongomeni, mwenye umri wa miaka hamsini na minane na kilemba kizito kuliko kichwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikwisha kuwa ng'onda, samaki mkavu.

Chanzo cha tamaa hiyo kilikuwa kicheko. Mwaka uliopita walimjia wazee wa Kipare kutoka milimani, wakala pilau yake, wakasemezana jambo kwa lugha yao, wakacheka. Tangu siku hiyo Sultani hakuwa na raha. Walikuwa wakimcheka yeye, au walikuwa wakicheka mambo yao? Na sasa wazee walewale walikuwa wameahidi kurudi.

Akaletwa Nakijwa, mfinyanzi, mjane, Mpare aliyeolewa pwani akiwa mtu mzima. Mali yake yote duniani ilikuwa shimo la udongo kando ya mto, na ulimi. Shimo lilimlisha, ulimi ulimponza.

Sultani akamweleza masharti. Amfundishe Kipare kwa siku arobaini. Akishindwa, shimo litachukuliwa na yeye atahama mji. Kisha Sultani akamwamuru Kadhi Muhidini aandike sheria: mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, atakayesema kuwa Sultani amekosea Kipare, achapwe viboko kumi na viwili hadharani, siku iyo hiyo. Hapo ndipo Nakijwa alipofungua kinywa.

"Seyyid, mimi nilikuja mji huu sijui Kiswahili hata cha kuombea maji. Walionifundisha ni wanawake wa sokoni. Nikikosea, wananicheka, kisha wananiambia. Kesho yake sirudii. Ukimfunga mwalimu mdomo, utajifunza kwa nani?"

"Wewe ni mfinyanzi," akasema Sultani. "Unachekeka. Mimi sichekeki."

"Lugha haijui hilo, Seyyid."

"Itajua."

Basi masomo yakaanza. Kila asubuhi Nakijwa anasema neno, Sultani analisema vingine, kisha anamkazia macho. Nakijwa anajibu kwamba amesikia. Na kweli alikuwa amesikia, maana masikio hayakukatazwa. Siku nyingine alilirudia neno taratibu, akitumaini mwenzake atashtuka. Sultani akamuuliza kwa nini anarudia kitu ambacho yeye amekwisha kukisema vizuri. Watu wa baraza nao hawakulala: mashaallah, Seyyid anaongea kama aliyezaliwa milimani. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Kipare. Jioni Nakijwa alikwenda shimoni kwake, akachota udongo, akaufinyafinya mkononi bila kufinyanga kitu. Alikuwa na hofu. Alilipenda lile shimo, jamani, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Siku ya arobaini wazee wakafika. Sultani akasimama mbele yao, akajikohoza, akawakaribisha kwa Kipare. Alichotaka kusema ni kwamba wale chakula, washibe. Alichosema ni kwamba amewala, na ameshiba. Wazee wakatazamana. Mmoja akajikaza, akashindwa, na baada yake wote wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Sultani akatoka ukumbini, akaingia chumba cha pili, akawaita mfinyanzi na kadhi. Uso ulikuwa umemwiva.

"Siku arobaini zimekwisha," akasema. "Kipare sikijui. Shimo lako nimelichukua."

"Nani amesema hukijui, Seyyid?"

"Wageni wamecheka."

"Wamecheka. Hawajasema kitu."

"Basi nasema mimi. Nimekosea mbele za watu, na wewe siku zote ulijua kuwa nakosea."

Nakijwa akamgeukia kadhi. "Sheikh, umesikia?"

Kadhi alitamani kuwa kiziwi, lakini alikuwa amesikia.

"Basi tusomee ile sheria."

Kadhi akasoma, sauti ikimpungua kila neno: mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, viboko kumi na viwili, hadharani, siku iyo hiyo. Akaikunja karatasi, akaanza kuliangalia zulia.

"Sheria ile hainihusu mimi," akasema Sultani.

"Imeandikwa awe mkubwa. Katika mji huu mkubwa ni nani? Kama yupo mwingine niambie, Seyyid, nimpelekee chungu."

Sultani akaufikiria mgongo wake, mgongo uliozoea hariri na kukandwa mafuta. Akaifikiria na hadhara, maana watu wa baraza wote walikuwa pale nje, na wageni juu yake.

"Zile zilikuwa hasira tu zinasema," akajibu mwishowe. "Sikukosea."

"Hukukosea?"

"Sikukosea."

"Basi Kipare unakijua."

"Nakijua."

"Sheikh, andika. Seyyid anajua Kipare, na shimo ni langu."

Kadhi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliandika mbio mbio, akapiga muhuri wino ukiwa bado mbichi, akamkabidhi mfinyanzi karatasi yake.

Kule ukumbini kicheko kikaanza upya. Sultani akausogelea mlango, akatega sikio, hakuambulia kitu. Unyonge ukamwingia, mtu mzima yule. Akamwita mfinyanzi kwa sauti ya chini, kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

"Mama Nakijwa. Kwani niliwaambia nini watu wale?"

Nakijwa alikwisha kujitanda kanga yake, mguu mmoja nje.

"Hao hapo ukumbini, Seyyid. Waulize mwenyewe. Kipare si unakijua?"