Mtoto Nitamwacha na Nani?

Kitendawili! Msiitikie kwa uvivu, itikieni kama watu waliokula wakashiba. Haya, natega mtego: kila mtu anatembea nacho kichwani, cha jirani huwezi kukiazima ukakivaa, na chako ukikifungia peke yake kinaota kutu. Ni nini hicho?

Namsikia mmoja anasema kofia. Kofia mbona inaazimwa, tena hairudishwi! Mwingine kule nyuma anasema nywele. Umekaribia, mjukuu wangu. Umegusa ukuta, ila mlango hujauona. Nywele zimeota kutu lini? Mmeshindwa, basi nipeni mji. Lakini huo mji wenu kaeni nao, maana huu ninaotaka kuwasimulia unanitosha kwa vituko vyake.

Jibu ni akili. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watu wengi husema methali hii wanapotaka kuachwa na ukaidi wao. Hawakuielewa. Maana yake ni kwamba hakuna kichwa kimoja kilichopewa akili zote, na anayedhani chake kimepewa, huyo ndiye wa kuhurumiwa. Sikilizeni.

Alikuwapo mhasibu wa baraza la mji, mtu mpole, mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki, akamwachia mabinti wawili. Mkubwa alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare, mumewe dereva wa malori ya safari ndefu, na walikuwa na mtoto wa kike aliyeanza kutambaa, mwenye mbio kuliko kuku. Kwa kuwa bwana hakai, dada huyu alikaa kwa baba yake. Mdogo alikuwa mwanafunzi wa uchumi chuoni, na tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa jinsi ulimi wake ulivyokuwa haujui kulala.

Chuoni Chiriku alibahatika kupata mwalimu aliyewafundisha kwamba uchumi hauna mlango mmoja. Wako wataalamu wanaoanza na bei. Wako wanaoanza na kazi zisizolipwa, zile za kupika, kuogesha na kubembeleza. Wako wanaotazama desturi na taasisi, na wako wanaofuata fedha inakotoka na inakorudi. Chiriku aliyanywa mafundisho hayo kama mchanga unavyonywa maji. Ubaya ni kwamba alipojua kuna milango mingi, alichagua mmoja, akaingia, akaufunga kwa ndani.

Jioni moja walikuwa wanakula, Chiriku akaweka kijiko chini.

"Baba, nasikia baraza linataka kukifunga kituo cha watoto cha pale sokoni."

"Ni pendekezo tu. Halijapitishwa."

"Limeandikwa na nani?"

"Na huyu anayekula mbele yako," baba akajibu.

Kituo hicho kilikuwa ubavuni mwa soko, jengo refu la vyumba viwili, rangi ya kuta zake imebanduliwa na vidole hadi kimo cha mtoto, na juu ya hapo inang'aa kama mpya. Wauzaji, washonaji na wafagiaji waliwaacha watoto wao pale asubuhi. Walezi wake walikuwa wanajua kilio cha kila mtoto; ungewasikia wakiambiana, "Huyo si njaa, huyo ni usingizi."

Dada alikuwa anamlisha binti yake. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo, baba, mtoto nitamwacha na nani?"

Baba akafungua mdomo, lakini Chiriku alikwisha ruka kama kiroboto. Kwamba kufikiri hivyo ni fikra za kale! Kwamba watu wanalinganisha mfuko wa umma na mfuko wa nyumba, na huo ni ujinga uliovaa tai! Kwamba anayechapa fedha yake mwenyewe hawezi kuishiwa nayo!

Baba alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo unayosema ni ya serikali kuu yenye benki yake. Mji wetu una kiwanda cha noti? Kama kipo nionyeshe, kesho nihamishie meza yangu huko."

Chiriku akanywea kama puto. Alikuwa amechukua dawa ya tembo, akamnywesha mbuzi. Baba akaondoka mezani bila kucheka, na lile swali la dada likabaki pale pale, kati ya sahani, kama mgeni asiyekaribishwa.

Siku za kusikiliza maoni ya wananchi zilikuwa zinakaribia, na baraza lilitangaza kwamba kila kikundi kitapewa nafasi ya msemaji mmoja. Chiriku na wenzake walikuwa na kikundi chao cha kusoma, walichokiita Milango Mingi. Kilikuwa cha watu watatu: Chiriku mwenyewe, mwenzake waliyemwita Miwani kwa miwani yake minene, na mmoja aliyeitwa Bwana Desturi, kwa kuwa hakuna jambo alilolijadili bila kutaja desturi. Wakakutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba kuandaa hoja.

"Hoja ni kazi ya ulezi," alisema Chiriku. "Mengine ni mapambo."

"Mapambo?" Miwani akawaka. "Bila fedha kuzunguka huo ulezi wako utakula hewa? Tuanze na matumizi."

"Nyote wawili mko kulekule kwa wapinzani wetu," akasema Bwana Desturi. "Mnazungumza kama watu wanaishi hewani. Mimi siwezi kusimama nyuma ya hoja kama hizo."

Wakabishana mpaka mtunza maktaba akaja kuwaomba wanyamaze, naye akaulizwa yuko upande gani. Kufikia adhuhuri Bwana Desturi amejitoa, Miwani amemfukuza Chiriku, na Chiriku amewafukuza wote wawili. Milango Mingi ikabaki na milango mitatu iliyofungwa. Hebu niambieni, wajukuu zangu, hao si ndio waliokuwa wanamcheka mhasibu kwa kuwa na njia moja?

Chiriku alipita karakanani kwa dada yake huku anafoka. Dada alikuwa anapiga pindo la suruali, mguu juu ya kanyagio, pini mdomoni. Alimwacha amwage yote. Kisha akatoa pini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nilimuuliza baba mtoto nitamwacha na nani. Wewe ukanijibu benki kuu. Leo unaniambia mmefukuzana. Mdogo wangu, mtoto wangu bado hana mahali."

"Lakini dada, ninapigania kituo!"

"Unapigania kuwa na haki peke yako. Msimamizi wangu ameshasema karakanani watoto hawaruhusiwi, mashine hazina macho. Kituo kikifungwa, naacha kazi. Sasa niondolee kivuli hapo, nashona."

Maneno yale yalimwingia Chiriku kama sindano ya uti wa mgongo. Alitoka, akazunguka nyuma ya karakana, akalia kidogo. Halafu akajipangusa. Mwanamke akishajipangusa, jueni ameamua.

Aliwatafuta wenzake, akawaomba radhi, kila mmoja kwa wakati wake, maana wakiwa pamoja wangeanza tena. Safari hii hakuwaletea nadharia. Aliwaletea swali la dada yake, uchi kama lilivyo, akawauliza, "Mlango wako wewe, ukiufungua, unaona nini hapa?"

Bwana Desturi alifikiri sana. Akasema imani kati ya mama na mlezi haijengwi kwa tangazo. Walezi wale wakitawanywa, hata mji ukijuta, hautawakusanya tena kwa urahisi. Miwani akasema mama anayeuza hununua pia, na meza sokoni ikiachwa wazi, ushuru wake unakwenda na mwenyewe. Chiriku akaongeza la kwake: kazi ya kulea haifutiki kwa kufunga mlango, inahamishiwa mgongoni kwa mtu asiyelipwa.

"Bado mlango mmoja," akasema Chiriku.

"Upi?"

"Wa baba yangu."

Alimkuta baba yake uani, anakaza miguu ya kiti kilicholegea. Akachuchumaa kumshikia.

"Baba, sijaja kubishana. Nataka kujua unaogopa nini."

Mhasibu akapiga msumari, akapumzika. "Nilipoanza kazi, mji uliishiwa. Wafagiaji walikuja dirishani kwangu kuchukua haki yao, nami ndiye niliyetumwa kuwaambia hakuna. Watu wazima, mwanangu, wanaondoka wameinamisha vichwa kama wao ndio wakosaji. Nikaapa halitarudi. Mapato yakipungua, natafuta pa kukata kabla mambo hayajafika tena pale dirishani."

Chiriku hakujua hilo. Miaka yote alidhani baba yake anapenda tarakimu kuliko watu. Akamweleza, taratibu, yale ya milango mitatu. Baba alikigeuza kiti, akakikalia kukijaribu, akasema, "Hilo la ushuru, lirudie tena."

Siku ya siku ilipofika, ukumbi wa baraza ulijaa hadi madirishani. Wauzaji walikuja na aproni zao. Diwani mmoja mwenye sauti ya ngoma aliinuka.

"Kwani sisi tulilelewa kituoni? Watoto walelewe na mama zao, kama tulivyolelewa!"

Muuza viazi mmoja akamjibu kutoka alipokaa, "Wewe ulilelewa na mama, bibi, na shangazi waliojaa nyumba nzima. Nigawie hao shangazi, mheshimiwa, kituo nitakifunga kwa mkono wangu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti akagonga meza, akamwita msemaji wa Milango Mingi. Chiriku alisimama. Hakutaja jina la mtaalamu hata mmoja. Alisema, "Dada yangu anauliza: mtoto nitamwacha na nani?" Kisha akaeleza la walezi, la meza za soko, na la kazi inayohamishiwa migongoni. Akamaliza hivi: "Lakini mji hauchapi noti, na anayetuonya kuhusu hilo anasema kweli. Sisi hatujui fedha itengwe wapi. Hiyo elimu hatuna. Anayo mhasibu wenu."

Akakaa. Watu wakageuka kumtazama mhasibu.

"Mhasibu," akasema mwenyekiti, "pendekezo ni lako. Una la kusema?"

Baba yake aliinuka polepole. Chiriku alishika ukingo wa benchi mpaka vidole vikamuuma, maana alijua wazi: baba akishikilia neno lake, hakuna diwani atakayelipinga, na dada yake ataacha cherehani.

"Hesabu yangu haina kosa la kujumlisha," alisema mhasibu. "Kosa lake ni mahali nilipoacha kuhesabu. Niliandika kituo kinachokula fedha. Sikuandika soko linaloingiza fedha kwa sababu kituo kipo. Naomba pendekezo langu lirekebishwe. Sehemu ya ushuru wa soko itengwe kwa ajili ya kituo, isiguswe kwa lingine, na lile egesho jipya la magari mbele ya ukumbi huu lingoje. Wafagiaji hawatapungukiwa. Hilo nalibeba mimi."

Diwani wa sauti ya ngoma akanung'unika kuhusu gari lake na jua kali. Lakini mikono ilipoinuliwa, ya kukubali ilikuwa mingi kama mihindi shambani, na mwenyekiti akatangaza kwamba kituo kitabaki.

Dada hakuwapo ukumbini. Alikuwa na sare za kumaliza. Baba na Chiriku wakatembea pamoja hadi karakanani, wakipishana na wauzaji wanaorudi kwenye meza zao. Walipoingia, dada aliuinua mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, hakuthubutu kuuliza mara ya pili.

"Binti yangu, uliniuliza, nikaondoka mezani," alisema mhasibu. "Mtoto utamwacha pale pale, na walezi wake wale wale."

Dada akaziba mdomo kwa kitambaa cha sare. Alipoweza kusema, akauliza, "Akili hiyo imetoka kwa nani, baba? Kwako au kwa huyu Chiriku?"

"Ingekuwa yangu peke yangu, kituo kingefungwa," alijibu mzee. "Ingekuwa yake peke yake, kingefunguliwa kwa noti tusizokuwa nazo. Imetoka kwetu sote, mwanangu, kwa maana akili ni nywele, kila mtu ana zake."