Kwa Nini Unywele Hupitishwa kwenye Mshale wa Nguruwe

Tulieni, niwaeleze jambo hili kama nilivyoelezwa mimi na waliokuwa wakubwa kwangu.

Zamani watu wetu walipokuwa bado wanakaa juu, kwenye mabega ya mlima Kwembala, podo la mwindaji lilibeba mishale ya aina moja tu. Uti wake ulikuwa wa tete, mwepesi, na kigumba chake kilikuwa chembamba, chenye vijino vilivyopinda nyuma ili kisichomoke. Kwa mshale huo waliangusha kanga, digidigi na paa, na hakuna aliyeona haja ya mwingine. Nguruwe mwitu hawakuwindwa. Walipita mchana kweupe kando ya mashamba wakichimbua mizizi yao, na watu waliendelea na kazi zao.

Kisha ukaja mwaka wa jua kali. Mizizi ya msituni ikakauka, nguruwe wakaingia kwenye mtama na viazi vikuu. Miongoni mwao alikuwamo dume mmoja mweusi, ambaye kila mtu alimjua kwa upana wa mabega yake. Shamba alilopitia asubuhi, mwenye shamba jioni hakuwa na cha kuinjika jikoni.

Mhando, mpiga upinde aliyesifiwa kuliko wote mlimani, akasema atamuua. Kwanza alikwenda kwa mjomba wake Semhunge, aliyekuwa mhunzi, anolewe vigumba vyake. Mzee alivigeuzageuza mkononi.

"Mpwa wangu, hivi ni vya paa," alisema. "Yule mnyama ana ngao. Hapa begani, chini ya ngozi, ana gegedu nene kama kiganja chako. Ngoja nikufulie kigumba kipana, na wewe ukatafute uti mzito."

"Nitangoja mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka makaa yapatikane."

Mhando alicheka. "Watu wana njaa, mjomba. Na mshale mzito hauendi mbali. Huu wangu hufika ninapotaka."

Akaondoka na shemeji yake Kilindo, kaka wa mkewe Namkasi. Walimkuta dume kwenye shamba la viazi. Mhando alisimama mbali, akavuta upote, akaachia, na mshale ukampata mnyama begani pale pale alipopalenga. Dume alitikisa ngozi kana kwamba ameumwa na inzi. Hakuanguka wala hakulia. Aligeuza kichwa, akawatazama, kisha akaingia kichakani. Wakasikia uti wa mshale ukigonga shina la mti na kuvunjika. *Ko!* Kipande kilichobaki kilikwenda naye.

Walitafuta damu. Waliona tone moja kwenye jani, basi. Kigumba chembamba kilikuwa kimeziba tundu lake chenyewe.

"Turudi, shemeji," Kilindo alisema.

"Hajafika mbali," Mhando akajibu, akatangulia.

Humo kichakani mtu hakuweza kuona zaidi ya urefu wa mkono wake. Mbele yao walisikia kile kipande cha mshale kikigonga mashina, *ko, ko*. Wakakifuata. Sauti ikanyamaza. Walisimama wakisikiliza, na iliposikika tena ilikuwa nyuma yao, karibu sana. Mhando alipogeuka, Kilindo alikuwa tayari yuko chini, paja limepasuliwa kuanzia gotini mpaka kinenani, na majani yaliyofunguka yalikuwa yanajifunga tena. Mhando alimbeba. Kilindo aliomba maji, akamshika shemeji yake shingoni kwa nguvu, kisha mikono ikalegea kabla hawajatoka kwenye miti.

Baada ya mazishi ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Dume hakugusa mashamba tena. Alizunguka. Wanawake waliokwenda kisimani walisikia kitu kikigonga mashina, *ko, ko*, wakatupa mitungi na kukimbia. Mzee aliyekwenda kutafuta mbuzi wake alirudishwa amebebwa. Watu wakaacha kisima, wakanywa maji ya tope ya dimbwi la nyuma ya nyumba, na watoto wakaugua matumbo. Mtu akigonga kinu kwa bahati mbaya, mlango wa jirani ulifungwa. Hapo zamani nguruwe alikuja kutafuta chakula. Huyu alikuja kutafuta watu, na kila mtu alilijua hilo ingawa hakuna aliyelisema.

Namkasi hakusema neno na mumewe tangu siku ya kaburi. Alipika, akaandaa, akatoka.

Mhando alirudi kwa mjomba wake. Hakuomba chochote, alichoma makaa mwenyewe, akaketi kwenye mivukuto na kuvukuta mpaka viganja vikachunika. Semhunge akafua kigumba kipana kama jani dogo la mkuyu, makali pande zote mbili, bila kijino hata kimoja.

"Hakitashika," Mhando alisema.

"Kisishike. Kushika ndiko kulikotuletea haya. Nataka kiingie na kutokea upande wa pili, damu imwagike, afe upesi."

Uti waliuchonga kwa mti wa mkole, wakaunyoosha kwa moto, wakaufunga manyoya ya tai. Mhando alipoupeleka nyumbani, Namkasi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipe," alisema.

Akaupokea mshale, akang'oa unywele kichwani mwake na kuupitisha kwenye makali. Unywele ukapinda. Haukukatika.

"Rudi."

Mhando akarudi. Mjomba wake alinoa juu ya jiwe la mto mpaka jua likageuka. Safari hii Namkasi alipogusisha unywele, ulianguka vipande viwili.

"Huu ndio uliopaswa kwenda nao siku ile," alimwambia. Kisha akamwachia njia.

Mhando alikwenda kusimama karibu na kisima, upepo ukimpiga usoni. Alipoisikia ile sauti ikija, *ko, ko*, akauegemea mti. Dume alitokea, bega limevimba kama mtungi, na harufu ya kuoza ilimfikia Mhando kabla mnyama hajafika. Hakupiga. Alimwacha akaribie, akamwacha apite, mpaka alipoona ubavu wote mtupu. Ndipo akaachia, chini, nyuma ya bega. Mshale ulipita mwilini ukachoma tope upande wa pili.

Dume akakimbia. *Ko, ko, ko, ko.* Kisha kimya.

Mhando hakumfuata. Alikikumbuka kimya cha siku ile. Alikaa pale pale, mgongo kwenye mti, akigeuka kila jani lilipoanguka, mpaka kivuli kilipomfikia miguuni na damu njiani ikaganda. Alipokwenda hatimaye, hakuwa na safari ndefu.

Wakati wa kuchuna walikikuta kigumba cha kwanza ndani ya gegedu la bega. Hakikuwa kimelivuka. Nyama yote iliyokizunguka ilikuwa imeoza, na mnyama alitembea na uozo huo siku zote zile. Semhunge alikiweka kwenye kiganja cha mpwa wake.

Namkasi aliutazama mzoga. "Maumivu yake ndiyo yaliyomuua kaka yangu," alisema. "Na maumivu hayo uliyatia wewe."

Mhando alikifumba kile kigumba kiganjani.

Na tangu siku hiyo, nguruwe mwitu hatembei tena mchana mbele ya watu, na mshale wake hauchanganywi na mishale mingine. Kigumba chake ni kipana, uti wake ni mzito. Na kabla mwanamume wa kwetu hajaenda kumwinda, huukabidhi mshale huo kwa mwanamke wa nyumba yake, awe mama, mke au dada, naye hung'oa unywele wake mwenyewe kuujaribia. Unywele ukipinda, upinde unatundikwa, hata kama nguruwe wanasikika shambani wakati huo huo. Ukikatika, anamrudishia. Wanawake wengine hawaurudishi upesi. Huendelea kuushika tu, na mwanamume husimama mlangoni akingoja, wala hamharakishi.