Mkutano wa Kuipiga Marufuku Chai ya Zamoyoni

Palikuwa na mshona vifungo wa kiwanda cha mashati, Zamoyoni, aliyeuza chai ya kupunguza kitambi kwa biashara ya mtandao. Kila aliyekaa karibu naye kazini alibembelezwa aingie chini yake, naye auze na kuingiza wengine, ili Zamoyoni apate fungu kwa kila mmoja wao. Habari zikamfikia meneja, Bwana Rugemalira, akamwita ofisini.

"Ukimtajia tena mtu hiyo chai yako, kazi huna!"

"Nimekoma, bosi. Ila wenzangu ndio watanifukuzisha kazi. Watakuja wenyewe kuniuliza. Wakataze na wao."

"Nitawakataza leo hii."

"Basi wakataze kwa kirefu, bosi. Ukisema chai tu, watadhani umewanyima hata ile ya saa nne. Chukua pakiti hii, waione."

Meneja akaona ana hoja. Akaamuru mashine zizimwe, akapanda juu ya meza, akainua pakiti.

"Marufuku kumwuliza Zamoyoni habari za chai hii! Eti inayeyusha kitambi! Eti ukiingiza wenzako, unalipwa umelala! Sitaki kusikia!"

Jioni, kazi ilipoisha, foleni nje ya geti ilizunguka ukuta. Mwanzoni mwake alikuwa Zamoyoni, akigawa pakiti. Meneja akashusha kioo cha gari, macho yamemtoka.

"Si nilikukataza kumtajia mtu?"

"Sijamtajia hata mmoja, bosi," akajibu Zamoyoni kwa upole. "Tena roho inaniuma. Ungeingia chini yangu jana, watu wote hawa wangekuwa wako."