Mundu wa Kufungua Kinamasi

Kaeni karibu, ila kila mtu atazame anapokanyaga. Nasema hivyo kwa uzoefu. Nimepita bandari na mipaka mingi, nikadhani adabu za kila nchi ninazo mfukoni. Nikafika Kwembago, kijiji cha wakata matete chini ya milima, nikakuta chungu kipana cha maji mlangoni pa mtu. Nikajua ni cha kunawia miguu. Nikavua viatu, nikapiga bismillahi, nikatumbukiza mguu. Chini pakateleza kitu kama mlenda.

"Toa mguu taratibu," ikasema sauti nyuma yangu. "Umesimama juu ya la mwisho."

Yungiyungi la manjano la mwisho, ndugu zangu. Zamani lilijaa kinamasini kwao, nalo ndilo lililokuwa saa yao: likichanua, mshika mundu hukata tete la kwanza, kisha kijiji kizima huingia kukata ya kuezekea. Walipolima mpunga hadi katikati ya maji, ua likatoweka. Tangu hapo kila mtu akakata apendavyo, machanga kwa makongwe, mpaka matete nayo yakaanza kwisha. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza: atakayelirudisha ua ndiye atakayeshika mundu, yeye na uzao wake.

Walikuwepo watatu wenye vipaji. Mashavu, mwenye chungu, hakujua kutupa kitu. Shemhilu alikuwa na nyayo zinazosoma tope. Nakiete, mchungaji, alikuwa na sauti ambayo ng'ombe waliitii kuliko mimi ninavyotiiwa nyumbani kwangu.

Mashavu aliokota kizizi siku maji yalipokauka, akakitia chunguni. Kila kiangazi alijinyima maji ya kuoga, akalinywesha lile tope la chunguni. Wakamwita Mama Tope. "Tope halinisengenyi," alikuwa akiwajibu. Baada ya mguu wangu kulibaki chipukizi moja tu. Akalitazama, akanitazama. "Likikaa hapa litakanyagwa na kila mstaarabu apitaye." Akamkabidhi Shemhilu.

Shemhilu akaingia kinamasini peku, akitafuta jicho la chemchemi, pale ambapo maji ni baridi na mzizi hauozi. Ghafla ardhi ikammeza hadi kifuani. Chipukizi akaliinua juu ya kichwa. Tukamtupia kamba.

"Shika kwa mikono yote miwili, kaka!" nikampigia kelele.

"Wa pili una kazi," akajibu, akazidi kupapasa kwa vidole vya miguu huku ruba wakimnywa. Tope lilipofika shingoni akasema, "Baridi. Ni hapa." Akazama, akalipanda. Tulipomvuta nje alikuwa akitema tope.

Mimi kwa aibu nikabaki kijijini, nikabeba maji ya Mashavu.

Kiangazi kikauma. Mchana mmoja ng'ombe wa kijiji kizima wakanusa ile chemchemi, wakateremka mbio. Nakiete akawatangulia, akasimama ndani ya maji, mbele ya chipukizi, akaita. Hawakusimama. Akaita tena. Pembe zilipokaribia kifua chake, wakapunguza mwendo. Waliotangulia walikuwa wake mwenyewe. Akawageuza hao kwanza, wengine wakafuata, akawapeleka mto wa mbali. Ng'ombe wake wa maziwa alianguka njiani, hakuinuka. Nilimsikia akimwambia, "Nisamehe, Kidoti."

Kisha ua likachanua. Siku hiyo mawingu ya masika yalikuwa yameshafunika milima. Kijiji chote kilijipanga ukingoni, miundu mikononi, mapaa yao matundu matupu. Mshika mundu asipopatikana, hakuna ruhusa ya kukata. Wakichoka kungoja, wataingia kwa fujo, na la kwanza kukanyagwa ni ua lenyewe.

"Nisingelitunza, mngepanda nini?" akauliza Mashavu.

"Ungebaki na chungu chako, dada," akasema Shemhilu. "Kinamasi hakiishi chunguni."

"Na mlichopanda," akasema Nakiete, "saa hizi kingekuwa kinyesi cha ng'ombe."

"Amueni," mtu akanguruma nyuma. "Mvua haina subira." Nikaona mguu wa kwanza ukishuka majini.

Mundu wa kufungua haushikwi na wawili. Na desturi ya pale, watu wakigongana hivyo, huamua mtu asiye na paa kijijini. Mwenyekiti akaninyoshea mimi mundu.

Je, wewe ungemkabidhi nani: aliyelihifadhi, aliyelipanda, au aliyelikinga? Amua upesi. Tone la kwanza limeshaniangukia puani, na ule mguu majini umepata wa pili.

Mimi nilikohoa. "Kwa jinsi nilivyotembea duniani," nikaanza.

"Mgeni," Mashavu akasema, "mguu ulishautia. Ulimi usiutie."