Mkasi na Wapangaji wa Mzinga Mtupu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipolima, wakapika na kuombana moto, aliishi Digidigi mmoja aitwaye Mkasi. Mumewe alikwisha kufa. Walibaki yeye, bintiye mdogo Kadogo, na shamba la kunde.

Shamba lilikuwa zuri. Lakini kunde zikishakomaa tu, Tembo na mdogo wake hao! Gudu! Gudu! Gudu!

"Hatukai, tunaonja tu," Tembo husema. Wakishaonja, halibaki hata jani.

Misimu miwili Mkasi alivumilia. Msimu wa tatu kunde zilipotoa maua, alimtazama Kadogo alivyokonda, masikio yamekuwa makubwa kuliko uso. Akajisemea, "Wakila na safari hii, mtoto huyu sitakuwa naye." Akambeba mgongoni, akaenda kutafuta wa kumfunza jinsi ya kuwafukuza.

Twiga alimjibu kutoka huko juu, "Kwanza refuka!"

Kifaru akasema, "Kazi rahisi hiyo! Inamisha kichwa, fumba macho, piga!"

Mkasi akajaribu kwenye mti wa mkwaju. Kwa! Vimulimuli vikamjaa machoni.

Akiwa anarudi, nundu imemtuna kwenye paji la uso, akapita uani kwa Bi Hadiye Nguchiro, mwindaji wa nyoka, aliyekuwa akitwanga mtama.

"Mwanangu! Nani kakupiga?"

"Mkwaju."

Bi Hadiye hakucheka. Alimketisha, akamkanda kwa maji ya moto, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nifunze, uwe somo yangu, mwalimu wangu," Mkasi akasema. "Nifunze unavyowashinda nyoka."

"Mimi nina meno makali. Ukifuata njia yangu utaumwa bure. Acha nije kwako nikutazame."

"Unitazame tu? Na kunde zinakomaa!"

"Ndiyo maana nakuja leo."

Siku tatu Bi Hadiye alikaa kwa Mkasi. Alichambua mboga, akamtazama anavyolima, anavyoruka, anavyoogopa. Siku ya nne Kadogo alilia sana. Mkasi alikuwa ameinama anakomba maji mtungini, akambembeleza papo hapo kwa pua yake ndefu: vuuu, vuuu. Mtungi ukaitikia: VUUUU!

Bi Hadiye akaangusha ungo. "Rudia hiyo!"

"Hii? Sauti ya kumlaza mtoto tu."

"Inafanana na nini?"

Mkasi akafikiri. "Na nyuki."

"Na nani anaogopa nyuki?"

Macho ya Mkasi yakawa kama sahani. "Ee! Tembo! Wakimwingia masikioni hana la kufanya!"

"Hilo umelisema wewe, si mimi," Bi Hadiye akacheka.

Mkasi akaokota mzinga mkuukuu, mtupu, akauficha kichakani kando ya shamba. Kila siku akafanya mazoezi.

"Hao ni nzi," Bi Hadiye humwambia. "Nataka nyuki waliokasirika! Tena!"

Asubuhi moja, kwa mbali: gudu! gudu! Mkasi akakimbilia kwa mwalimu wake. "Somo, wamefika! Twende!"

"Ah, mwanangu, mguu huu leo haukanyagi. Nenda tu."

"Peke yangu?"

"Nenda."

Mkasi akamlaza Kadogo kibandani, akaenda. "Karibuni, kaka zangu! Ila mwaka huu nina wapangaji."

"Wapangaji gani?" Tembo akauliza.

"Wadogo wadogo, kila mmoja na mkuki wake nyuma. Ngojeni niwaombe ruhusa."

Akaingia kichakani, akatia pua mzingani. Fff! Pumzi tupu.

"Ha! Ha! Wapangaji wana mafua!" Tembo akacheka, akanyanyua mguu juu ya tuta la kwanza.

Mkasi akafumba macho. Akamfikiria Kadogo tu, akaanza polepole kama anambembeleza. Vuu... vuuu... VUUUUUU!

"Kaka! Masikio yangu!" mdogo mtu akapiga yowe.

"Mbio! Usigeuke!"

Gudugudugudu! Vumbi likatanda hadi mtoni. Hawakuonekana tena.

Mkasi akatoka anacheka na kulia. Papo hapo, katikati ya kunde, akainuka Bi Hadiye, anasimama vizuri kabisa kwa miguu yote minne, damu kidogo mkiani.

"Somo! Kumbe ulikuwapo? Na mguu je?"

"Mguu mzima."

"Ukanidanganya! Ukaniacha natetemeka vile!"

"Uliposhindwa mara ya kwanza nilijing'ata mkia nisitoke. Ningetoka, wangekimbia kwa kuogopa meno yangu. Nikisharudi kwangu, wangekuja tena."

Hasira ikamtoka Mkasi kidogo kidogo. Kisha akararua upindo wa kanga yake, akaufunga ule mkia taratibu.

"Unauma?"

"Unauma sana," Bi Hadiye akasema, "lakini ile sauti yako, wallahi, hata mimi nilitaka kukimbia!"

Wakacheka mpaka Kadogo akaamka. Siku hiyo walipika kunde za nazi sufuria tele, na Kadogo akalamba mwiko mpaka ukang'aa.

Kwa hiyo, wanangu, somo mwema hapigani vita vyako. Hukaa karibu, akiumia kimya, mpaka ujijue una nguvu gani.