Maji Yaliyopita Kando ya Mahindi

Sogeeni karibu, na anayependa kuhukumu haraka akae nyuma kidogo. Fumbo hili msimulizi wake amelibeba miaka mingi bila kulitegua. Amelipeleka kwa wachungaji, amelipeleka kwa wakulima, amelipeleka hata kwa watu waliokosana na ndugu zao. Kila mmoja alijibu upesi, kisha akarudi baadaye kusema amebadili mawazo.

Lenyewe ni hili: kitu kilichoahidiwa bure, siku kikija, ni cha nani?

Katika kijiji cha Mrindoni, kwenye milima ya Upare, aliishi mwinjilisti mzee aitwaye Elinihaki, mgane mwenye watoto watatu waliokwisha kuwa watu wazima.

Wa kwanza alikuwa Nakiete. Kipawa chake kilikuwa mikononi. Alilima, alichota, alisonga, alifua, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa huku kuna kazi imesimama. Mumewe alishuka mjini kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Nakiete akarejea kwa baba yake, akapewa kipande cha shamba, akamtunza mzee mpaka mwisho.

Wa pili alikuwa Mbonea. Kipawa chake kilikuwa machoni. Aliweza kulitazama jiwe akajua litakalia ubavu gani na litabeba nini. Alifanya kazi katika machimbo ya jasi huko bondeni, na vumbi la machimbo lilikuwa limemwachia kikohozi ambacho mtu alikisikia kabla hajamwona mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa Nanzia, aliyekwisha kuolewa hapohapo kijijini. Chake ni kigumu kukieleza. Ukimwambia neno, alilishika. Alipokuwa mdogo baba yake alimwambia, "Nisubiri hapa," kisha akaenda kwenye ibada akasahau. Alimkuta jioni palepale, mvua imemlowesha, hana kinyongo. "Ulisema utakuja," mtoto alimwambia. Mzee Elinihaki aliisimulia habari hiyo kanisani mara nyingi, kama mfano wa imani. Hakuwahi kusimulia kwamba Nakiete ndiye aliyemkausha yule mtoto nywele, akamkalisha karibu na moto, akamkoroga uji.

Juu ya mashamba yao kulikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo la udongo ambalo maji ya chemchemi hujikusanya, kisha asubuhi hufunguliwa yateremke kwa mfereji hadi shambani. Ndiva nyingine za kijiji zilikuwa za watu wote, na asiyekuja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzisafisha, alikosa zamu yake ya maji. Hii ilikuwa ya ukoo wa Elinihaki peke yao. Na ilikuwa imekauka. Chemchemi ilinyamaza mwaka ambao mzee alianza kuugua, tope likapasuka, mbuzi wakawa wanapita katikati.

Siku mzee alipojua anakwenda, aliwaita wote watatu.

"Maji yatarudi," alisema. "Nimeomba, nimejibiwa. Ni zawadi. Msiyafanyie kibarua."

Nanzia alisema, "Amina, baba."

Mbonea alikohoa.

Nakiete alimfunika baba yake miguu, akatoka nje, akachukua jembe.

Sasa angalieni alichofanya kila mmoja.

Nakiete alichimba. Mfereji ulikuwa umefukiwa na maporomoko, mizizi imeuziba, na sehemu nyingine haukuonekana kabisa. Aliufukua kipande kwa kipande, baada ya kazi za shambani, kabla ya kazi za nyumbani. Alitoa tope ndani ya ndiva kwa karai, kichwani, mpaka nywele za utosini zikapungua. Majirani waliopita walimtania. Mama Nambike, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alimwita kwa sauti ya barabarani: "Nakiete! Unamsaidia Mungu, au unamsimamia?"

"Namsubiri nikiwa nimesimama," Nakiete alijibu, akaendelea.

Mbonea alijenga. Alipanda kutoka machimboni kumwona dada yake, akakuta mikono yake imechanika, akakaa chini akaitazama ndiva kwa muda mrefu. "Hata maji yakija, ukuta huu hautayashika," alisema. Hakurudi machimboni. Alivunja mawe, akayapanga, akayakandika kwa udongo wa mfinyanzi mpaka ukuta ukasimama kama umeota pale.

Na Nanzia? Nanzia alikataa. Mtu mmoja mwenye tanuri la matofali alikuja kutaka eneo lile la ndiva, alipenda udongo wake. Bei ilikuwa nzuri. Mbonea alikubali. Nakiete, mgongo ukimuuma, naye alikubali. Ilibaki Nanzia, na bila yeye isingewezekana kuuza.

"Baba alisema yatarudi," alisema.

"Baba alikuwa na homa," Mbonea alimwambia.

"Alisema."

Walimbembeleza, wakamfokea, wakwe zake wakatishia kumrudisha kwao kwa kuwa amerukwa na akili. Hakutia kidole kwenye hati ya kuuza. Badala yake alipanda maharage katika shamba lake, kwenye vumbi, mwisho kabisa wa mfereji mkavu, akawa anakwenda kuyatazama huku anaimba tenzi. Mama Nambike alimtania naye, hakumwacha mtu. Mvua ndogo ikanyesha kidogo, maharage yakaota. Mahindi ya Nakiete yakaota. Mboga alizopanda Mbonea kwenye kipande chake zikaota. Kisha mvua ikakata.

Siku moja asubuhi, mahindi yakianza kutoa mbelewele, chemchemi ilisikika.

Maji yalikuja kwa nguvu, yakajaza ndiva mpaka ukingoni, kisha yakapungua yakawa uzi mwembamba. Watu wanaozijua chemchemi za kule walisema kwa uzi ule ndiva haitajaa tena mapema, na mimea haitangoja. Maji yaliyokuwamo yalitosha shamba moja. Yakigawanywa, kila shamba lingelowa juu juu tu, na mimea yote ingekauka.

Shamba moja. Mbonea akikosa, angerudi kwenye vumbi la jasi, na kikohozi kile kingemmaliza. Nanzia akikosa, wakwe wangekuwa wamepata ushahidi wa wazimu wake. Nakiete akikosa, angefunga mlango ateremke kwenye mashamba ya mkonge akate majani kama kibarua, yeye ambaye ujana ulikwisha kumpita. Hakuwa na kingine. Mbuzi wake alikwisha kuwauza baba yake alipougua.

Hawakuelewana, wakamwita Mzee Mnzava, mzee wa kanisa na msimamizi wa zamu za maji kijijini. Alikaa juu ya ukuta wa Mbonea. Watu wakajaa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimuliwa.

"Bila mimi," Nakiete alisema, "maji haya yangepotelea kwenye mawe."

"Bila mimi yangevuja yote," Mbonea alisema.

 Nanzia alisemewa na Mama Nambike: "Na bila huyu mngekuwa mnanywesha matofali!"

Watu wakacheka. Mzee Mnzava hakucheka. Aliwauliza swali moja, kila mtu kwa zamu yake. "Marehemu aliwaahidi. Ulichofanya, ulikifanya kwa sababu ulimwamini?"

Mbonea alikohoa, akafuta mdomo. "Sikuamini wala sikukataa, mzee. Nilimwonea dada huruma."

Nakiete alikuwa na muda wa kufikiri. Angeweza kusema ndiyo. Nani angempinga? Mikono yake ilikuwa pale, kila mtu anaiona. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo uongo ulichapwa zaidi kuliko wizi. Na palikuwa na jambo jingine kifuani mwake, jambo chungu la miaka mingi. Tangu utoto alifundishwa kwamba neema haifanyiwi kazi, na aliyemfundisha alikuwa akila ugali uliosongwa na yeye.

"Sikuamini," alisema. "Nilichimba ili hata baba akiwa amekosea, tusife njaa."

 Mbonea akainamisha kichwa, kwa maana alijua dada yake amejiondoa mwenyewe.

"Nanzia?"

"Niliamini, mzee." Kisha Nanzia akaanza kulia. "Lakini niseme kweli nami. Kuna siku nilichoka. Kuna siku nilisema baba alikuwa na homa tu. Basi nikilala nasikia jembe la dada huko juu, ko, ko, ko. Nasema moyoni, kama dada anachimba, basi maji yanakuja."

Mzee Mnzava alifumba macho. Wengine walidhani anaomba, wengine walidhani amesinzia. Alipoyafumbua alionekana mzee zaidi.

"Mngenipa kesi ya ng'ombe ingekuwa nafuu," alisema. Kisha akawageukia. "Maji ya msaragambo hugawiwa kwa jasho, na kwa jasho Nakiete angekuwa wa kwanza, wala nisingemaliza kusema. Ila marehemu alisema haya ni zawadi. Nikiyatoa kwa jasho, nimeyageuza mshahara. Zawadi huchukuliwa na anayemwamini mtoaji. Maji yaende kwa Nanzia."

"Na mimi?" Nakiete aliuliza. Hakupaza sauti. "Kwangu mimi Mungu alisema nini, mzee?"

"Sijui, binti yangu. Nami nilitaka kumuuliza."

Uamuzi ukawa huo. Ikabaki kuutekeleza. Kizibo cha ndiva kilikuwa kigogo ambacho Nakiete alikichonga mwenyewe na kukifunga kwa magome ya mgomba, na hakuna mwingine aliyejua kukizungusha bila kubomoa ukingo. Wote walilijua hilo. Hakuna aliyemtuma. Walitazama tu chini.

Nanzia alimfuata. "Dada, maharage yakikomaa nusu ni yako."

"Kwa sababu nilichimba?"

"Hapana. Nakupa tu. Ni zawadi."

 "Zawadi," Nakiete alisema. "Haya. Basi ndiyo nijifunze kuamini nikiwa na njaa."

Akaingia kwenye tope, akazungusha kigogo, akakivuta. Maji yakatoka.

Mfereji ule, kabla ya kufika kwa Nanzia, hupita kwanza kando ya mahindi ya Nakiete. Mwenyewe aliuchimba hivyo. Aliteremka nao taratibu, jembe begani, kama mtu anayechunga ng'ombe asiye wake. Watu walikuwa wamebaki juu kwenye ndiva. Nanzia alikuwa amekimbilia shambani kwake kuyapokea. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani, na maji yalipita yakipiga kelele umbali wa mkono tu.

Hapo kwenye kona ya shamba lake ukingo ulikuwa na ufa mdogo. Maji yalianza kupenya. Si mengi. Yaliingia kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, udongo ukabadilika rangi, na harufu ya ardhi iliyonyweshwa ikampanda puani. Hakuupasua yeye. Ulipasuka wenyewe. Angeweza kusimama pale akatazama pembeni, na hakuna mahakama wala kanisa lingemuuliza. Pengine hata ndiyo zawadi aliyokuwa ametumiwa yeye bure, bila kibarua, siku hiyo.

Nakiete alisimama. Chini kule Nanzia alikuwa anaimba.

Akachota tope kwa jembe, akalibandika kwenye ufa, akalikanyaga kwa kisigino mpaka likashika. Kisha akaendelea kuyafuata maji, mpaka yakafika kwenye maharage.

Haya, nyie mliokaa hapa. Mzee Mnzava aliamua, na Nakiete akatekeleza. Lakini kama kizibo kingekuwa mkononi mwako, maji yale ungeyapeleka kwa nani: kwa aliyechimba bila kuamini, kwa aliyejenga kwa huruma, au kwa aliyeamini kwa kusikia jembe la mwenzake? Na ule ufa, je, wewe ungeuziba?